Msichana Aliyeokota Mipira
Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule ya wasichana

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mama mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi, wahitimu wetu, na ninyi wadogo zao wa kidato cha kwanza ambao nawaona mmesimamishwa kule nyuma juani: itifaki imezingatiwa. Mama mkuu, kabla sijaendelea, naomba hao watoto wasogee huku mbele wakae chini, kivulini. Nafasi ipo. Urefu wa hotuba za wageni rasmi tunaujua wote.

Asanteni. Sogeeni zaidi. Mtaona baadaye kwa nini nimewataka karibu.

Nilipopigiwa simu niliambiwa nizungumze juu ya michezo na mtoto wa kike. Mimi nimefundisha michezo miaka mingi, netiboli hasa, na maneno yetu ya siku kama hizi nayajua: michezo ni afya, michezo ni ajira, michezo ni undugu. Yote ni kweli, na yote mmeshayaandika kwenye insha mkapewa alama zenu. Kwa hiyo leo nitawasimulia habari za mtu mmoja tu. Si Mtanzania, wala hakucheza netiboli. Alicheza kriketi, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, tukipita Upanga na daladala, tukashangaa watu wenye nguo nyeupe wamesimama uwanjani kama wanaosubiri gari lililochelewa.

Anaitwa Jhulan Goswami. Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1982 katika mji mdogo wa Chakdaha, wilaya ya Nadia, jimbo la Bengal Magharibi, India.

Nieleze mchezo wenyewe kwa dakika moja tusije tukaachana njiani. Wote mmecheza rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja katikati anakwepa, ukimgusa ametoka. Kriketi ni ndugu wa rede, ila huyu anayerushiwa hakwepi. Ana gongo mkononi, na nyuma yake vimesimikwa vijiti vitatu. Mrushaji anataka kuviangusha vile vijiti, au kumtega mpigaji aupige mpira juu udakwe. Mpigaji naye anataka kuupeleka mbali ili apate muda wa kukimbia kutoka upande huu hadi ule. Hiyo ndiyo mikimbio, na kwa mikimbio ndipo timu inashinda. Mpigaji akitolewa, mrushaji amepata wiketi. Mipira sita ni ova moja. Yaliyobaki ni sheria za kubishania, na wenyewe hubishana kweli, mchana kutwa, mpaka muda wa chai unatambuliwa kisheria. (Vicheko.)

Huyu Jhulan alikuwa mrushaji wa kasi. Ni mrefu, karibu mita moja na sentimita themanini, na enzi zake za nguvu mpira wake ulikaribia kilomita 120 kwa saa. Kutoka vijiti vya huku mpaka vya kule ni mita 20 tu. Pigeni hesabu, wa sayansi mpo: mpigaji ana kama nusu sekunde hivi ya kuamua.

Lakini nataka kuanzia kabla hajawa mrushaji, mwaka 1997. India iliandaa Kombe la Dunia la kriketi ya wanawake, na fainali ikapigwa tarehe 29 Desemba katika uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, kati ya Australia na New Zealand. Watu walikuja makumi ya maelfu. Pembeni mwa uwanja walipangwa wasichana wa kuokota mipira inayotoka nje na kuirudisha. Mmoja wao alikuwa huyu mtoto wa Chakdaha, umri wake miaka 15, kama ninyi.

Kule Bengal watu wana wazimu wa mpira wa miguu, kama sisi. Kriketi aliianza kuifuatilia kwenye televisheni, Kombe la Dunia la wanaume la 1992, halafu akawa anacheza na wavulana wa mtaani. Wavulana walimcheka kwa kuwa alikuwa anarusha taratibu. Mpira wake ulikuwa wa kupigwa tu, basi wakawa hawampi arushe. Mnajua hasira ya kunyimwa mpira. Akaanza kurusha kwa nguvu.

Siku ile Eden Gardens alikuwa hatua chache kutoka kwa Belinda Clark, nahodha wa Australia, na kutoka kwa Cathryn Fitzpatrick, mrushaji mwenye kasi kuliko wanawake wote wa wakati ule. Mpira ukitoka nje anaukimbilia, anaushika, anauona ulivyochubuka, anaurudisha. Australia ikashinda, wachezaji wakauzunguka uwanja na kombe lao, na binti anatazama. Jhulan amesema mara nyingi kwamba ni siku ile alipoamua kuichezea nchi yake. Jina hilo la Fitzpatrick lishikeni, tutakutana nalo tena.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo penye neno langu la leo, na nalisema mapema maana najua pilau imeshaiva na harufu yake inanishinda hoja. Sisi tunapenda kuwaambia watoto wajitume. Hatujiulizi wamesimama wapi, na kutoka hapo wanaona nini. Mimi nilicheza netiboli ya shule kwa bidii zote, na mara ya kwanza kuwaona kwa macho yangu wanawake waliovaa jezi ya taifa wakicheza, nilikuwa na watoto wawili na mgongo unauma. Nilikaa pale nikalia, na jirani yangu akadhani tumefungwa. Hakuna aliyekuwa amenikataza kuwa kama wao. Ni kwamba hakuna aliyewahi kunionyesha kuwa wapo.

Turudi Chakdaha. Mtoto ameona, sasa anataka. Mji wake hauna pa kujifunzia, mwalimu yuko Kolkata, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa treni. Mazoezi yanaanza asubuhi, na baadaye kuna shule. Kwa hiyo binti anaamka usiku, anakwenda stesheni, anapanda treni ya alfajiri ile ya saa kumi na moja, anashuka mjini, anapanda basi na mfuko wake, anafanya mazoezi, anarudi. Treni ikimwacha, siku hiyo imekwenda. Kwanza mzazi alimsindikiza, baadaye akawa anakwenda peke yake.

Mama mliopo hapa, najua mnawaza nini. Hata mimi nina binti. Binti wa miaka kumi na mitano, giza, stesheni, na majirani ambao hawalali wakihesabu anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Nyumbani kwao nao hawakufurahi, walitaka asome. Aliyekwenda kuzungumza nao ni mwalimu wake, Swapan Sadhu, aliyeutazama urefu wa yule mtoto na kumwambia akazanie kurusha. Aliwaomba wazazi wamwachie aendelee. Wakakubali, na kila safari nikiisimulia habari hii nasimama hapo. Mtu mzima mmoja alifunga safari kwenda kuwaomba watu wazima wengine wawili. Bila mazungumzo yale ya sebuleni, hizo wiketi 355 nitakazozitaja hazipo.

Tarehe 6 Januari 2002, Chennai, akaichezea India kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uingereza. Alikuwa na miaka 19.

Msidhani alipofika kwenye timu ya taifa aliingia kwenye raha. Wakati ule kriketi ya wanawake India ilikuwa na chama chake, na chama hakikuwa na fedha. Wachezaji wa taifa walisafiri kwa behewa la kawaida la treni, lile la kugombania kiti, mikoba ya vifaa ikiwa miguuni. Walilala kwenye mabweni, wengi chumba kimoja. Wanaume wa nchi hiyohiyo, wenye jezi ya nchi hiyohiyo, walikuwa matajiri. Mwaka 2005 wanawake hao wakafika fainali ya Kombe la Dunia huko Centurion, Afrika Kusini, wakafungwa na Australia kwa mikimbio 98.

Mwaka uliofuata, Agosti 2006, ndio ninaoupenda na unaoniudhi kuliko yote. India wamekwenda Uingereza kucheza testi, ile mechi ndefu ya siku kadhaa, ambayo wachezaji wenyewe huiona ndiyo kriketi yenyewe. Katika mji wa Taunton, Jhulan anachukua wiketi tano mzunguko wa kwanza na tano mzunguko wa pili. Wiketi kumi katika mechi moja, na mikimbio aliyowaachia wapigaji ni 78 tu! India inashinda, na ni mara ya kwanza wanawake wa India kushinda mfululizo wa testi katika ardhi ya Uingereza. Ana miaka 23. Mwaka 2007 anatajwa kuwa mchezaji bora wa kriketi wa mwaka duniani kwa upande wa wanawake.

Haya, niulizeni: testi iliyofuata aliicheza lini?

Mwaka 2014. (Minong'ono.) Ndiyo, mmenisikia vizuri. Miaka minane. Mwaka huohuo wa 2006 bodi kubwa ya kriketi ya India iliichukua timu ya wanawake chini yake, mabehewa na mabweni yakaanza kuwa hadithi, hilo tuwape. Ila testi hazikupangwa. Timu iliyotoka kushinda Taunton ikakaa miaka minane bila kuitwa kwenye mechi ya aina ile. Walipopangiwa tena, huko Wormsley, Uingereza, wachezaji wanane kati ya kumi na mmoja wa India walikuwa hawajawahi kucheza testi maishani. Wakashinda! Baada ya mwaka huo wakakaa tena mpaka 2021. Ndiyo maana mtu aliyecheza miaka ishirini ana testi 12 tu, na wiketi 44 ndani yake. Mimi nikiitazama hiyo 12 naiona kama daftari la mwanafunzi hodari ambalo mwalimu hakulisahihisha.

Na katika hiyo miaka minane, mrushaji wa kasi anafanya nini? Anarusha. Bega linauma, kisigino kinauma, mgongo unauma, maana kurusha kwa kasi ni kukimbia, kuruka, na kuutua uzito wote juu ya mguu mmoja, mara sitini kwa mechi. Anauguza, anarudi, anarusha. Alikuwa nahodha kati ya 2008 na 2011, na serikali ya India ikampa nishani mbili. Hizo nazipita, nishani hazihitaji msaada wangu.

Mei 2017 yuko Potchefstroom, Afrika Kusini, kwenye mechi za ova 50 kwa kila timu. Rekodi ya dunia ya wiketi kwa wanawake katika mechi hizo ni 180, na mwenye rekodi ni Cathryn Fitzpatrick. Mnamkumbuka? Yule aliyekuwa anaokotewa mipira Eden Gardens. Jhulan akapata ya 181. Ilichukua miaka ishirini kutoka pembeni mwa uwanja.

Hapohapo Potchefstroom, na hili nawaambia kwa sababu ni la jirani zetu, Januari 2023 wasichana wa Rwanda walicheza Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19. Binti aitwaye Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Minne! Rwanda ikashinda mechi hiyo, na kabla mashindano hayajaisha ikawafunga na West Indies. Kigali si mbali.

Julai 2017 ikaja fainali nyingine, London, uwanja wa Lord's, umejaa. Jhulan akarusha ova zake kumi, akatoa mikimbio 23 tu, akachukua wiketi tatu. Uingereza wakafika 228. India wakawa wanakwenda vizuri, 191 na wametoka watatu tu, ushindi unaonekana kwa macho. Halafu wakaanguka kama embe za upepo, wote nje kwa 219. Walishindwa kwa mikimbio tisa. Tukio la namna hiyo halina somo, wanangu. Linauma tu, na mtu anakwenda hotelini kulala.

Mwaka 2022 akaenda Kombe la Dunia la tano, New Zealand, miaka 39. Huko akapita rekodi ya wiketi nyingi kuliko mwanamke yeyote katika Kombe la Dunia, akafikisha 43. Mechi ya mwisho ya makundi, ya kufa na kupona dhidi ya Afrika Kusini, hakucheza. Aliumia mbavu. Alikaa nje akatazama timu yake ikitolewa kwa mpira wa mwisho kabisa.

Akaaga Septemba mwaka huo, tarehe 24, palepale Lord's. Nahodha Harmanpreet Kaur alimchukua wakaenda pamoja kurusha sarafu. Alipoingia kupiga, Waingereza wenyewe walijipanga mistari miwili wakampigia makofi, akatolewa kwa mpira wa kwanza. (Vicheko.) Kriketi haina adabu kwa wakubwa. Lakini mkono ulikuwa bado upo, akapata wiketi mbili, na India ikashinda kwa mikimbio 16. Ushindi wenyewe ulizua ugomvi. Mpigaji wa Uingereza, Charlie Dean, alitoka kwenye mstari wake kabla mpira haujarushwa, na mrushaji wa India, Deepti Sharma, akageuka akaviangusha vijiti. Sheria inaruhusu, wengine wakasema si uungwana. Mimi ni mwalimu. Anayetoka darasani kabla ya kengele asilie akikutwa mlangoni.

Hesabu yake ikafungwa hapo: mechi 204 za ova 50 na wiketi 255, zile wiketi 44 za testi, na wiketi 56 za mechi fupi. Jumla 355. Kombe la Dunia, sifuri.

Sasa sikilizeni tarehe. Ameaga Septemba 2022. Oktoba, mwezi mmoja baadaye, bodi ya kriketi ya India ikatangaza kwamba wanawake wa timu ya taifa watalipwa posho ya mechi sawa na wanaume. Februari 2023 ukafanyika mnada wa kwanza wa ligi mpya ya wanawake, na mpigaji wa India, Smriti Mandhana, akanunuliwa kwa rupia milioni 34. Jhulan aliingia kwenye ligi hiyo kama mwalimu wa warushaji wa timu ya Mumbai, na timu yake ikachukua ubingwa wa kwanza. Nilipolijua hili nilimwonea uchungu, nikasema dada umekosa basi kwa dakika moja. Sasa sina hakika kama uchungu huo anauhitaji. Waliolipwa ni haohao aliowarushia mpira mazoezini miaka yote.

Tarehe 2 Novemba 2025, Navi Mumbai, India na Afrika Kusini, fainali. India wakafunga 298, Afrika Kusini wakaishia 246. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake wa India. Usiku ulikuwa umeshavuka saa sita. Jhulan alikuwa uwanjani kama mtangazaji, na nguo zake za kazi. Wachezaji wakalibeba kombe wakawapelekea waliowatangulia, yeye, Mithali Raj na Anjum Chopra, wakawaweka katikati yao. Jhulan akalishika, akamkumbatia Harmanpreet, akalia kilio cha mtoto. Mimi nilikuwa nyumbani na simu mkononi, mume wangu akauliza kuna msiba wa nani.

Januari ya mwaka huohuo, jukwaa moja la Eden Gardens lilipewa jina lake. Kwa hiyo msichana anayepangwa leo kuokota mipira kwenye uwanja ule, akigeuka nyuma, ataliona jina hilo.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimeona unaitazama saa, namaliza. Vyeti tutavitoa baada ya chakula, nadhani ndivyo ratiba inavyosema. Ila kwanza, ninyi wa kidato cha kwanza niliowatoa juani. Ndani ya mkoba wangu nina mpira wa kriketi, wa wanawake, una gramu kama 145. Umeshonwa kwa uzi katikati, upitisheni kidole mtausikia. Ni mgumu kuliko mnavyodhani, msirushiane hapa penye vioo. Anzia wewe mwenye soksi za bluu. Shika, halafu mpe mwenzako.